Foto Hunyamaza



Kwetu Kalemie kuna watu wengi wanaojua kupiga foto vizuri. Wengine hufanya hivyo kwa kupata chakula; wengine, kama mimi, hupiga foto kwa kupenda tu, siku za sikukuu na wakati kazi ya kufundisha imekwisha. Katika miaka hii ya karibuni wengi wao wanataka kuingia katika video. Wananijia na kuniuliza: «Mwalimu, ninunue mashine gani ili video yangu iwe safi kama ya televisheni?»

Swali ni zuri, lakini limeanzia mwisho. Ni kama mtu anayeuliza bei ya jembe kabla ya kujua kama atalima muhogo au mpunga. Yafaa tuulize kwanza: Foto ni kitu gani? Na video ni kitu gani? Ni ndugu, ndiyo, lakini si mapacha. Foto hushika kitambo kimoja, kisha hunyamaza. Video hushika muda unaopita: mwendo, sauti, na hata kimya kilicho kati ya maneno mawili. Aliyefahamu jambo hili amekwisha kufanya nusu ya kazi. Asiyelifahamu, hata akinunua kamera ya bei kubwa, atapata foto zinazotikisika tu.

Niwaambie kwa nini mimi mwenyewe nilianza kazi hii. Mjomba wangu, ndugu ya mama, alikuwa fundi wa kuchonga mitumbwi. Nilimpiga foto nyingi: akishika shoka, akikaa juu ya mtumbwi usiokwisha bado, akicheka na wavuvi. Kamera ya wakati ule ilikuwa ya foto tu, haikuweza kushika sauti. Mjomba alipokufa, tuliweka foto moja kubwa mezani siku za matanga, na wote walisema: «Ni yeye kabisa!» Mtoto wake wa mwisho alikuwa na miaka mitatu. Sasa ana kumi na mmoja. Siku moja alisimama mbele ya foto ile akaniuliza: «Yaya, sauti ya baba ilikuwa ya namna gani?»

Nikamwambia: «Ilikuwa nene, na neno la mwisho alilivuta polepole, kama mtu anayevuta wavu.» Mtoto akatikisa kichwa. Maneno yangu hayakumtosha, wala hakuna maneno yangeweza kumtosha. Sauti haielezwi, sauti husikiwa.

Tangu siku ile nilianza kuhesabu wazee waliobaki katika ukoo wetu. Mkubwa wa wote ni nkambo, mama yao mama na mjomba. Anakaa kijijini, kando ya ziwa Tanganyika, kusini ya Kalemie. Ni yeye peke yake awezaye kutaja mababu zetu kwa Kitabwa, mmoja baada ya mwingine, pamoja na mahali walipotoka na sababu iliyowahamisha. Foto zake ninazo nyingi. Lakini foto haitaji majina ya mababu.

Tutazame kidogo habari za kale. Ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha filamu zao mbele ya watu waliolipa kiingilio huko Paris, tarehe 28 Desemba 1895. Baba yao alikuwa mpiga foto, na kiwanda chao kilitengeneza vioo vya foto. Basi tangu mwanzo sinema ilizaliwa katika nyumba ya foto. Kwetu Kongo, katika miaka ya 1950, Padri Albert Van Haelst alitengeneza filamu za Matamata na Pilipili huko Kasai, na watu walicheka sana walipoona mnene na mwembamba wakihangaika. Lakini kwa muda mrefu mashine ya foto ilikuwa moja, na mashine ya sinema ilikuwa nyingine, tena ya bei kubwa. Mpiga foto wa nyumbani hakuweza kuwa na zote mbili.

Mambo yaligeuka mwaka 2008. Mwezi wa Agosti kampuni ya Nikon ilitangaza kamera ya D90, ya kwanza kati ya kamera za foto zenye kioo ndani na lenzi za kubadilisha ambayo iliweza kupiga video pia. Mwezi uliofuata Canon walitangaza EOS 5D Mark II, iliyopiga video yenye vidoto 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu. Kwa hiyo mwenye lenzi nzuri ya foto aliweza kuitumia lenzi ile ile kwa video. Leo kamera nyingi zilizotumika za namna hiyo huuzwa, na simu nazo zimefika mbali. Hivi mashine si shida kubwa tena. Shida ni mazoea ya mpiga foto. Tuyatazame moja moja.

Zoea la kwanza ni haraka. Ndani ya kamera kuna kimlango kinachofunguka na kufunga. Tukitaka foto kali ya mtoto anayekimbia, twakiamuru kifunguke kwa sehemu moja ya 500 ya sekunde, na mguu wake husimama hewani. Lakini video yetu ina picha 25 katika kila sekunde moja. Kila picha ikiwa kali kama kisu, mwendo utaonekana umekatika-katika, kama kuku anayetembea. Kwa hiyo mafundi wa sinema hufuata kanuni hii: kimlango kiwe wazi kwa nusu ya muda wa kila picha. Picha ni 25, basi kimlango kiwe 1/50. Hapo mkono unaopita huacha kivuli chepesi, na jicho huona mwendo ulio laini.

Kuna faida ya pili. Umeme wa Kongo hugeuka mara 50 kwa sekunde, na taa nyingi za nyumbani hupunguza na kuongeza mwanga mara 100 kwa sekunde. Jicho letu halioni, lakini kamera huona. Ukipiga picha 25 kwa 1/50, kila picha hupata kiasi kile kile cha mwanga, na ukuta hautachezacheza nyuma ya bibi arusi. Katika kamera nyingi utakuta maneno mawili, PAL na NTSC. Sisi tuchague PAL, ndiyo ya picha 25 na 50. NTSC ni ya nchi kama Marekani, ambako umeme hugeuka mara 60.

Mtaniuliza: «Na juani je?» Hapo kuna kazi. Wapiga foto wajua kwamba jua likiwa kali, na ISO ikiwa 100, tundu la lenzi huwekwa 16 na kimlango karibu 1/100. Tukishusha kimlango mpaka 1/50, tundu litataka 22, na lenzi nyingi zikifungwa hivyo hupunguza ukali wa picha. Dawa yake ni kioo cheusi kinachofungwa mbele ya lenzi. Kile kiitwacho ND8 huacha sehemu moja tu ya nane ya mwanga ipite, na tundu hurudi 8. Ni miwani ya jua ya kamera, basi. Asiye nacho apige video asubuhi, jioni, au chini ya mwembe.

Zoea la pili ni kuiachia kamera ichague kila kitu. Katika foto si neno: kila foto husimama peke yake. Katika video, mtu akivuka mbele ya lenzi na shati jeupe, kamera hushtuka, hupunguza mwanga, kisha huurudisha; uso wa anayesema huwa mweusi, halafu mweupe, kama wingu limepita. Rangi nayo hugeuka vilevile. Basi kabla ya kuanza, weka mwanga na rangi kwa mkono wako, uziache zilivyo.

Zoea la tatu ni kurukaruka. Mpiga foto ni kama mwindaji: hunyemelea, huinama, hupiga, huhama. Mpiga video awe kama mvuvi. Mvuvi huchagua mahali, hutupa wavu, hungoja. Weka kamera juu ya miguu yake mitatu. Ukikosa, iweke juu ya kiti na mfuko wa mchele chini yake. Hesabu kumi kimoyomoyo kabla ya kuigusa tena. Usivute picha karibu na mbali kama mtoto achezaye na bomba. Ukitaka uso wa karibu, simama, sogea mwenyewe, anza upya.

Sasa twafika kwenye jambo lililo kubwa kuliko yote, nalo ni sauti. Mpiga foto hana masikio kazini; hakuyahitaji. Lakini jaribuni jambo hili nyumbani. Onyesheni watu video yenye picha hafifu na sauti safi: watakaa mpaka mwisho. Kisha waonyesheni picha nzuri sana na sauti ya kukwaruza: baada ya dakika mbili wataanza kuzungumza wao kwa wao. Mikro ndogo ya kamera hukaa mbali na kinywa, hushika jenereta ya jirani, mbuzi, na vidole vyako mwenyewe. Tena mahali pa wazi, ukiongeza umbali mara mbili, nguvu ya sauti hubaki robo tu. Kwa hiyo mikro iende kwa msemaji, isingoje msemaji aje kwake.

Nilipopata pesa kidogo sikubadilisha kamera. Nilinunua vitu vitatu: mikro ndogo ya kubana kwenye nguo, miguu mitatu, na betri ya pili. Asiye na pesa ya mikro atumie simu. Aiweke katika mfuko wa shati la msemaji, aifungue ishike sauti, kisha apige kofi moja mbele ya kamera. Baadaye, kwenye kompyuta, atatafuta kofi lile katika picha na katika sauti, na kuyalinganisha. Ndiyo kazi ya kile kibao wanachokigonga watu wa sinema. Na kwa upepo wa ziwa, mikro ivikwe sifongo au manyoya, maana upepo ukiipiga wazi hunguruma kama lori.

Basi nilikwenda kwa nkambo. Safari ya kwanza nilikwenda mikono mitupu, bila kamera. Nilimwamkia, tukakaa, nikamweleza ninalotaka. Akanitazama kitambo. «Mume wangu,» akasema, maana ndivyo anavyowaita wajukuu wake wanaume kwa mzaha, «uso wangu utaupeleka wapi?»

Ndugu wasomaji, hilo ni swali la mtu mwenye akili. Alikuwa amekwisha kuona katika simu za vijana wazee wa watu wengine wakipitishwa huku na huku, na wasiowajua wakiwacheka. Foto ya mzee huonyesha uso wake tu. Video huonyesha meno yaliyotoka, mkono unaotetemeka, neno lililosahauliwa. Anayepiga video ameshika heshima ya mtu mkononi. Nikamjibu: «Nkambo, utakwenda kwa wajukuu wako tu, walio hapa na walio Lubumbashi.» Akatoa masharti matatu: asipigwe akiwa amelala mgonjwa, avae kitambaa chake kipya, na akianza kutaja mababu, mtu asimkatize. Nikakubali yote.

Sharti la tatu lilitaka akili ya kazi. Kamera nyingi za foto zilizotengenezwa miaka ya nyuma hukata video zenyewe baada ya dakika 29 na sekunde 59. Haikuwa ubovu: katika nchi za Umoja wa Ulaya kamera iliyoweza kupiga nusu saa au zaidi ilihesabiwa kuwa kamera ya video, ikatozwa kodi ya forodha, na viwanda viliikwepa kodi hiyo. Kamera yangu ni ya namna hiyo. Kwa hiyo niliiachia simu mfukoni mwa nkambo ishike sauti bila kukatika, na kamera nikaifungua tena kimyakimya ilipojifunga. Hakujua, na sauti yake haikupotea hata neno moja.

Tulifanya asubuhi mbili, kabla ya upepo kuamka. Asubuhi ya kwanza alianika ndakala juu ya mchanga, akawafukuza kunguru, akamgombeza mjukuu mmoja aliyekanyaga wavu. Sikumwambia fanya hivi au vile. Asubuhi ya pili alikaa mlangoni, mwanga ukitoka upande, akaanza kutaja majina. Alipofika jina la saba alinyamaza. Mikono yake ilisimama. Mawimbi yalisikika. Nilihesabu moyoni, nikapita thelathini, wala sikugusa kitu. Kisha akasema kwa Kitabwa: «Huyu alikufa kwa njaa njiani. Tulimwacha.» Alisema «tulimwacha», kana kwamba yeye mwenyewe alikuwako, naye hakuwa amezaliwa bado.

Kijana mmoja wa nyumbani, aliyenisaidia kukata video kwenye kompyuta, alitaka kuondoa kimya kile. «Watu watachoka,» alisema. Nikamwambia akiache kama kilivyo. Katika kimya kile ndipo unapomwona nkambo akiwatazama wafu wake. Foto ingeonyesha bibi kizee anayefikiri. Isingeonyesha muda alioufikiri, wala neno lililotoka baadaye.

Tena kuna jambo ambalo sikulitafuta. Alipofika kwa wanawe mwenyewe, alimtaja mjomba wangu, akacheka kidogo. Akaiga namna alivyokuwa akimwita kutoka ufukoni akirudi jioni: sauti nene, na neno la mwisho likivutwa polepole. Mtoto wa mjomba ameitazama sehemu hiyo mara nyingi kuliko niwezavyo kuhesabu. Si sauti ya baba yake, lakini ni sauti ya baba yake katika koo la mama aliyemzaa. Sasa naye anaiga.

Lililobaki ni kutunza, na hapa wengi hushindwa. Wapenda mashine husema sana juu ya 4K. Video ya 4K ina vidoto 3840 kwa 2160, yaani zaidi ya milioni 8, mara nne ya ile ya 1920 kwa 1080. Lakini vidoto vina uzito. Kamera ikiandika 4K kwa megabiti 100 kila sekunde, saa moja hula gigabaiti 45. Ikiandika 1080 kwa megabiti 28, saa moja hula karibu gigabaiti 13. Kwa mtu anayechaji betri kwa mwanga wa jua na mwenye kompyuta ya zamani, 1080 yenye sauti safi ni bora kuliko 4K asiyoweza kuifungua. Na programu ya kukata si lazima inunuliwe: Shotcut, kwa mfano, ni ya bure.

Akiba haiozi, husema wazee. Lakini akiba ya video huoza ikiwa mahali pamoja tu. Kadi hupotea, simu huanguka ziwani. Wekeni nakala mbili katika diski mbili, na ya tatu katika nyumba nyingine, mbali na moto na mvua ya nyumba ya kwanza. Andikeni jina, mwaka na mahali, kwa maana baada ya miaka ishirini hakuna atakayejua yule mzee ni nani. Na mkiituma kwa WhatsApp, itumeni kama hati, si kama video; ikitumwa kama video hubanwa, na uso hufika umevurugika kama uso ndani ya maji.

Hayo ndiyo majibu yangu kwa wanaoniuliza juu ya mashine. Kamera uliyo nayo leo pengine yatosha. Nunua mikro kabla ya lenzi, weka kimlango 1/50, tuliza miguu, tuliza na moyo wako. Kisha usianze na maua wala machweo ya jua, hayo yatakuwako kesho. Anza na yule mzee wa nyumbani kwenu ambaye sauti yake inajulikana na wote na haijashikwa na yeyote. Nenda kwanza mikono mitupu, uombe ruhusa. Akikuuliza uso wake utaupeleka wapi, uwe na jibu, na jibu lile ulishike.